Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kumtathmini Mchezaji Chipukizi wa Kikapu wa Chuo

Ripoti nyingi ninazoletewa zinafanana kama mapacha. "Ana kipaji, anajituma, ana kasi, aongeze bidii kwenye ulinzi." Futa jina la mchezaji, weka la mwingine, na ripoti itasomeka vizuri vilevile. Ripoti inayomfaa kila mtu haijamsema yeyote.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, shika kipimo hiki kimoja: kila sentensi utakayoandika iwe ya aina ambayo mechi ijayo inaweza kuikataa. "Ana mkono mzuri" haikataliki. "Akipokea pasi miguu ikiwa imetulia anafunga, lakini akitupa baada ya kudunda mara mbili mpira unagonga mbele ya ringi" inakatalika, na kwa sababu hiyo ina thamani. Hatua zote zilizo hapa chini zinakupeleka kwenye sentensi za namna hiyo.

Mifano nimeitoa kwenye ligi za vyuo vya Marekani, yaani NCAA, kwa kuwa mechi zake zinapatikana kwa urahisi na wachezaji wake wengi wanalenga NBA au WNBA, ligi za kulipwa za huko za wanaume na za wanawake.

## Vitu vya kuandaa

- Video za mechi nne, kamili, kuanzia mpira wa kwanza hadi filimbi ya mwisho. Vipande vya danki (mpira unaosukumizwa ringini kwa mkono) na pointi tatu viweke kando.
- Karatasi za takwimu za mechi hizo nne, pamoja na takwimu za msimu mzima.
- Tarehe ya kuzaliwa, urefu wake bila viatu, na upana wa mikono ikiwa imenyooshwa pembeni.
- Daftari lenye safu tano: dakika ya mchezo, alikuwa wapi, aliona nini, aliamua nini, matokeo.
- Kikokotoo.
- Muda. Mechi ya chuo ni dakika 40 za mchezo lakini hutangazwa kwa takriban saa mbili, na kila mechi utaitazama mara mbili. Ukiwa na jioni moja tu, andika maoni yako, lakini usiyaite tathmini.

Kuhusu urefu, tahadhari moja. Urefu unaotangazwa na vyuo mara nyingi hupimwa mtu akiwa na viatu, na wakati mwingine huongezwa kidogo kwa ukarimu. NBA yenyewe iliamua kuanzia msimu wa 2019–20 kwamba timu zithibitishe urefu wa wachezaji bila viatu. Ukikosa kipimo cha uhakika, andika "kwa mujibu wa chuo" na uendelee.

## Hatua ya 1: Chagua mechi kabla hujaanza kutazama

Chukua mechi moja dhidi ya timu kubwa kuliko yake, moja dhidi ya timu dhaifu, moja ya ugenini, na moja ambayo takwimu zake zilikuwa mbaya. Hiyo ya nne ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye siri nyingi. Mchezaji akiwa anafunga, kila kitu chake kinapendeza. Mitupo ikigoma, utajua kama anarudi kwenye ulinzi au ananung'unikia waamuzi, kama anaendelea kutafuta pasi au anaanza kulazimisha.

Mimi mwenyewe niliwahi kuandika kurasa tatu za sifa juu ya kijana mmoja kwa kutegemea video fupi aliyonitumia rafiki yake. Dakika sita, mitupo thelathini na kitu, yote imeingia. Nilipokuja kuona mechi nzima, nilikuta kwamba kwa kila mtupo uliowekwa kwenye ile video kulikuwa na miwili ya hovyo, na katika robo saa ya mwisho alikuwa akitembea kurudi kulinda. Video haikudanganya hata kidogo. Mimi ndiye niliyeridhika na kilichochaguliwa na mtu mwingine.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kueleza kwa nini kila mechi imo kwenye orodha yako, bila kutaja pointi alizofunga.

## Hatua ya 2: Tazama mara ya kwanza bila kuhesabu

Funga daftari. Tazama mechi kama mtu aliyepita njia na kusimama. Unachotafuta ni kazi yake tu: kocha amemweka uwanjani afanye nini? Anapandisha mpira? Anasubiri kona ili atupe? Anaweka piki, yaani anasimama kama ukuta ili mwenzake apite? Anaingia kumkaba mtu hatari zaidi wa upinzani?

Sababu ni hii: huwezi kumlaumu mtu kwa kazi ambayo hakupewa. Senta, yaani mchezaji mrefu wa karibu na kikapu, aliyeambiwa asitupe kamwe nje ya eneo la chini ya kikapu hatakuwa na takwimu za pointi tatu, na kutokuwepo kwa takwimu hizo hakukuambii chochote kuhusu mkono wake.

Mwishoni andika sentensi moja tu ya kazi yake. Ikikushinda, tazama tena kipindi cha pili.

## Hatua ya 3: Tazama mara ya pili, macho yaache mpira

Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Kwenye kikapu huambiwa, tena huambiwa atazame upande ambao mpira haupo.

Hesabu yake ni nyepesi. Uwanjani kuna watu kumi na mpira mmoja, na hata nyota anayeongoza mashambulizi ya timu yake huwa na mpira mkononi kwa sehemu ndogo ya dakika anazocheza. Ukifuata mpira, muda mwingi wa mchezo wake utakuwa umekupita.

Mfuate yeye peke yake. Timu yake ikiwa inashambulia, angalia mambo matatu. Je, anasogea mpinzani wake anapogeuza kichwa, au anasimama akipiga makofi ya kuomba pasi? Akiweka piki, anaikamilisha mwili mzima au anagusa bega na kukimbia? Mwenzake akitupa, yeye anaingia kugombea ribaundi (mpira unaorudi mtupo ukikosa), anarudi nyuma kulinda, au anabaki katikati akitazama? Jibu hilo la tatu, la kubaki katikati, ndilo ugonjwa wa wachezaji wachanga, na huwezi kuliona kwenye karatasi yoyote ya takwimu.

Tahadhari: usimalize mechi nzima kwa namna hii kwa mkupuo mmoja. Macho yatarudi kwenye mpira yenyewe. Tazama dakika kumi, simama, andika, endelea.

## Hatua ya 4: Soma mwili, kisha soma jinsi anavyoutumia

Urefu, mikono, uzito: andika namba na upite. Palipo na kazi ni kwenye miguu na kiuno.

Angalia anavyosimama. Mchezaji anayelinda magoti yakiwa yamenyooka atachelewa hatua ya kwanza hata awe na kasi ya namna gani. Angalia anavyogeuka: je, anaweza kubadili mwelekeo bila kusimama wima kwanza? Angalia anavyotua baada ya kuruka, na kama ana uwezo wa kuruka mara ya pili papo hapo. Ribaundi nyingi chini ya kikapu huamuliwa na huo mruko wa pili.

Halafu angalia nani anamsukuma nani. Mfano ambao haujanitoka kichwani ni wa Februari 2009, timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut ikiwa namba moja kwenye orodha ya taifa. Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenye urefu wa mita 2.21, alikutana na DeJuan Blair wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, mfupi kwake kwa sentimita 20 hivi. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, na Pittsburgh wakashinda. Blair alishuka chini, akaweka kiuno chake chini ya kiuno cha Thabeet, na kumtoa mahali pake kabla mpira haujafika kwenye ringi. Urefu unafanya kazi pale tu mtu anapobaki mahali aliposimama.

Basi andika: akisukumwa anabaki, anarudi hatua moja, au anatoka kabisa? Na umri uwe mezani. Kijana wa miaka 18 anayerudi hatua moja bado ana misuli ya kuongeza. Wa miaka 23 anayerudi hatua moja, huenda ndivyo alivyo.

## Hatua ya 5: Vunja mitupo yake vipandevipande

Kosa la kawaida hapa ni kuandika asilimia moja na kufunga hesabu. Asilimia ya mitupo yote ni supu iliyochanganywa: huwezi kujua kilichomo.

Gawa mitupo yake hivi:

1. Chini ya kikapu, ikiwemo danki na leiapu, yaani kuuweka mpira kikapuni ukiwa unakimbia.
2. Umbali wa kati.
3. Pointi tatu baada ya kupokea pasi.
4. Pointi tatu baada ya kudunda mwenyewe.
5. Mitupo huru.

Kwa kila kundi andika alitupa mara ngapi na akafunga mangapi, kisha ongeza alama moja: alikuwa peke yake, au kulikuwa na mkono usoni?

Namba ndogo zina hila. Mchezaji aliyefunga pointi tatu 10 kati ya 25 ana asilimia 40, anaitwa mlenga shabaha. Mitupo miwili tu kati ya hiyo ingegonga chuma, angekuwa na asilimia 32 na hakuna ambaye angemzungumzia. Hata mitupo 100, ambayo kwa wengi ni karibu msimu mzima, bado inayumba: mtu mwenye uwezo halisi wa asilimia 35 anaweza kumaliza na 30 au 40 kwa bahati tu.

Ndiyo maana mimi hutazama mitupo huru kabla ya pointi tatu. Pale mstarini hakuna mlinzi, umbali haubadiliki, ni mita 4.57 kwa kila mtu, na kinachobaki ni mkono wenyewe. Anayefunga asilimia 80 mstarini na 29 kwa pointi tatu ana mkono mzuri na tatizo la umbali, uteuzi au maandalizi ya miguu. Anayefunga 55 mstarini na 40 kwa pointi tatu ananitia wasiwasi.

Kuna jambo la uwanja pia. Mstari wa pointi tatu wa NCAA upo mita 6.75 kutoka kikapuni. Wa NBA upo mita 7.24 juu ya duara, lakini kwenye kona unasogea hadi mita 6.70. Maana yake ni kwamba kijana anayefunga kutoka kona chuoni hatabadilishiwa umbali sana akienda NBA, ila anayefunga akiwa mbele ya kikapu ataongezewa karibu nusu mita. Ukiona chuoni anasimama hatua nzima nyuma ya mstari na mtupo haubadiliki umbo, liandike. Kwa wanawake hili halina uzito, kwa sababu mstari wa WNBA nao ni mita 6.75.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kusema anatupa vizuri kutoka wapi, akipokea vipi, na lini hutakiwi kumwacha huru.

## Hatua ya 6: Hesabu maamuzi

Kila anapopata mpira, andika alichoona, alichochagua, na kama chaguo lilikuwa sahihi. Acha kabisa kuangalia kama mpira uliingia. Pasi nzuri kwa mwenzake aliye peke yake ambaye akakosa ni uamuzi sahihi. Mtupo wa kulazimisha juu ya walinzi wawili ulioingia ni uamuzi mbaya, hata kama ukumbi mzima umesimama kushangilia.

Wapinzani wanapomjia wawili, angalia sekunde mbili zinazofuata. Mchezaji aliyekomaa anarudi hatua moja, anawavuta, na kutoa pasi ya haraka. Mchanga anageuza mgongo. Akishageuza mgongo hauoni uwanja tena, na hapo ndipo mipira mingi inapopotea.

Uwe na safu ya mkono dhaifu pia. Ni mara ngapi alipita upande wa kushoto, kama ni wa kulia? Je, alimalizia kwa mkono wa kushoto au alirudi kwenye wa kulia hata njia ilipokuwa imefungwa? Makocha wa upinzani watagundua hili ndani ya mechi mbili. Nawe ligundue.

Mechi nne zitakupa maamuzi zaidi ya mia kwa mchezaji anayeshika mpira sana. Kwa senta utapata pungufu, na hilo ni sawa.

## Hatua ya 7: Ulinzi, palipojificha mengi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu karibu kila ripoti ninayoisoma inafika hapa na kuchoka. "Ulinzi wake ni wa wastani." Wastani wa nini?

Anza pale mpinzani anayemkaba akiwa mbali na mpira, umbali wa pasi mbili. Yeye amesimama wapi? Anayejua kazi huwa ameegemea katikati ya uwanja, mwili umefunguka, anaona mtu wake na mpira kwa pamoja. Asiyejua amemkumbatia mtu wake kama mlinzi wa benki huku mwenzake anapitwa hatua tatu kutoka alipo, au amekazia macho mpira kiasi kwamba mtu wake anakimbia nyuma yake kuelekea kikapuni.

Kisha angalia anavyomkimbilia mtupaji. Hatua za kwanza ziwe ndefu, za mwisho ziwe fupi, mkono juu, kiuno chini. Anayefika kwa kasi ileile hadi mwisho anapitwa kwa kudunda mara moja, na timu nzima inaanza kuzima moto.

Kwenye piki, andika: anapita juu yake, anapita chini, au anakwama? Ukijua maagizo ya timu yake ni yapi, utajua kama kosa ni lake au la kocha. Njia rahisi ya kuyajua ni kuwatazama wenzake wanne. Wote wakipita chini, hayo ni maagizo. Yeye tu akipita chini, huo ni uvivu au ni woga.

Sasa kupokonya na bloku, yaani kuuzuia mtupo ukiwa hewani. Takwimu hizi zinapendeza na zinahadaa. Mchezaji anayechupa kila pasi atapokonya mara mbili na kuacha njia wazi mara tano. Karatasi itaandika zile mbili pekee. Kazi yako ni kuandika tano. Kwa bloku, uliza mpira ulikwenda wapi baadaye. Kuupiga hadi jukwaani kunawapendeza mashabiki na kunawarudishia wapinzani mpira. Kuugusa kidogo ukamwangukia mwenzako ni kuanzisha shambulizi.

Kanuni nazo zina neno. Chuoni mlinzi anaruhusiwa kukaa chini ya kikapu muda wote anaotaka. NBA haimruhusu kukaa kwenye eneo hilo zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu kwa karibu. Senta mwenye bloku nyingi chuoni lazima umuulize swali la ziada: ukimtoa hapo chini, miguu yake inamfikisha wapi?

Faulo ni afadhali. Chuoni unatolewa kwa faulo tano ndani ya dakika 40, NBA kwa sita ndani ya dakika 48. Ukigawanya, uwiano ni uleule. Kwa hiyo faulo kwa dakika ni kati ya takwimu chache unazoweza kuzibeba kutoka huku kwenda kule bila kurekebisha hesabu.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kutaja aina ya mshambuliaji anayemmudu na aina inayomsumbua.

## Hatua ya 8: Sasa ndipo ufungue takwimu

Nimeziweka nyuma makusudi. Ukianza na namba, macho yatatafuta ushahidi wa namba.

Hesabu mbili zinatosha kwa kuanzia. Ya kwanza ni asilimia ya mitupo inayoipa pointi tatu uzito wake: chukua mitupo iliyoingia, ongeza nusu ya zile za pointi tatu zilizoingia, gawa kwa mitupo yote. Ya pili inaingiza mitupo huru: gawa pointi zake kwa mara mbili ya jumla ya mitupo yote na mitupo huru iliyozidishwa kwa 0.44.

Tuseme wachezaji wawili wamefunga pointi 16 kila mmoja. Wa kwanza alitupa 15, akafunga 8, zote za pointi mbili, bila mtupo huru. Wa pili alitupa 12, akafunga 5, mbili kati yake za pointi tatu, na mitupo huru 4 kati ya 4. Ukisoma asilimia ya kawaida, wa kwanza ana 53 na wa pili ana 42, na utamsifu wa kwanza. Kwa hesabu ya pili, wa kwanza anabaki na 53 na wa pili anapanda hadi 58. Aliyeonekana mbovu ndiye aliyetumia nafasi za timu vizuri zaidi.

Baada ya hapo angalia uwiano wa pasi za kufunga kwa mipira iliyopotea, na ribaundi za upande wa ushambuliaji kwa dakika. Epuka kishawishi cha kumkuzia mtu wa benchi. Aliyefunga 8 katika dakika 16 hafungi 20 katika dakika 40 kwa sababu tu hesabu inasema hivyo. Atachoka, na walinzi wazuri watahamishiwa kwake.

Namba na daftari vikigombana, rudi kwenye video. Usichague upande kwa kura.

## Hatua ya 9: Weka kila namba kwenye mazingira yake

Stephen Curry, nyota wa pointi tatu wa NBA, akiwa chuo cha Davidson, mwaka wa pili alicheza pembeni ya Jason Richards, aliyeongoza nchi nzima kwa pasi za kufunga msimu wa 2007–08. Richards akamaliza chuo. Mwaka uliofuata Curry alipandisha mpira mwenyewe. Pasi zake za kufunga zilipanda kutoka karibu 3 hadi zaidi ya 5 kwa mechi, huku asilimia yake ya pointi tatu ikishuka kutoka karibu 44 hadi chini ya 39. Mtu aliyesoma namba ya mwisho peke yake angeandika kwamba mkono umepoa. Kilichobadilika ilikuwa kazi: alikuwa anatupa akitoka kudunda, na kila timu ilikuja imejipanga dhidi yake.

Basi uliza: nani anamtengenezea nafasi? Nani anamfunika makosa? Timu inalinda kwa zoni (kila mmoja na eneo lake) au mtu kwa mtu? Wapinzani wa ligi yao ndogo ni wa kiwango gani? Umri wake ukilinganishwa na anaokutana nao ni upi? Majibu mafupi yanatosha.

## Hatua ya 10: Panga udhaifu kwenye mafungu matatu

Watu hupenda kuorodhesha udhaifu kana kwamba wote una uzito mmoja. Hauna.

Fungu la kwanza: unaorekebishika kwa mazoezi. Kawhi Leonard alifunga pointi tatu kwa asilimia 25 tu katika miaka yake miwili chuoni San Diego State, na mwaka 2011 akachaguliwa wa 15 kwenye drafti, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Lakini mitupo huru yake ilikuwa kama asilimia 75, dalili kwamba mkono haukuwa umekufa. Timu yake ya NBA, San Antonio, ilimrekebisha namna ya kuachia mpira, na msimu wake wa kwanza NBA akavuka asilimia 37. Dalili ilikuwepo kwa aliyeitafuta. Usiitumie habari hii kumtetea kila asiyejua kutupa, maana wengi hawakurekebishika.

Fungu la pili: unaofichika. Draymond Green alitoka Michigan State mwaka 2012 baada ya miaka minne, akachaguliwa wa 35. Aliitwa mfupi kwa kulinda masenta na mzito kwa kulinda wa pembeni. Ufupi haukuondoka. Ila mwaka wake wa mwisho chuoni alikuwa na wastani wa zaidi ya ribaundi 10 na karibu pasi 4 za kufunga kwa mechi, mchanganyiko usio wa kawaida kwa mtu anayecheza karibu na kikapu. Akili ya namna hiyo ilipata timu iliyoitumia, na mwaka 2017 akawa mlinzi bora wa NBA.

Fungu la tatu: unaomfuata kokote. Hapa narudi kwa Thabeet, kwa heshima yote, maana kila aliyeupenda mchezo huu kwetu alikesha naye. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili, mbele ya James Harden na mbele ya Curry. Misimu yake miwili ya mwisho chuoni alikuwa na zaidi ya bloku 4 kwa mechi. NBA hakufikisha wastani wa pointi 3 kwa kipindi chake chote. Kwa maoni yangu, bloku zile zilikuwa za kweli, ila zilitegemea kubaki chini ya kikapu. Alipolazimika kutoka nje, kukaba kwenye piki, na kusukumana na watu wazima kila usiku, miguu na kiuno vikawa ndiyo mtihani. Dalili yake nayo ilikuwepo, ile jioni ya Blair.

Kwa kila udhaifu ulioandika, taja fungu lake na sababu ya kuuweka humo. Ukikosa sababu, haujauelewa bado.

## Hatua ya 11: Andika ripoti, kisha irudie

Ukurasa mmoja. Anza na kazi yake, nguvu tatu, madhaifu matatu, halafu sentensi moja ya timu inayomfaa. Huu ni mfano wa aya, kwa mchezaji wa kubuni, gadi, yaani mchezaji wa nje anayependa kushika mpira:

"Gadi, miaka 19. Akipokea pasi kona ya kulia usimwache. Akidunda kwenda kushoto mpe hatua moja, atasimama na kutupa mfupi. Akizungukwa na wawili hugeuza mgongo: mara 9 katika mechi nne, mipira 5 ilipotea. Anapita juu ya piki kila mara na anarudi mbele ya mtu wake. Mpira ukiwa upande wa pili husahau mtu wake nyuma, hasa dakika za mwisho za kila kipindi. Tatizo la kushoto naliweka fungu la kwanza, kwa kuwa mitupo huru ni asilimia 83. La kusahau mtu naliweka la kwanza pia, ila kwa shaka, kwa kuwa halikupungua kati ya mechi ya kwanza na ya nne."

Soma kila sentensi na uulize: mechi ijayo inaweza kuikataa? Isiyoweza, ifute. Maneno "kipaji", "moyo" na "uwezo mkubwa" yatajifuta yenyewe.

Weka tarehe juu ya karatasi. Baada ya mechi tano mpya, itoe, tazama mbili kati ya hizo, na weka kando ya kila sentensi alama ya tiki ikiwa imethibitika, au ikate kwa mstari ikiwa imekataliwa. Zilizokatwa usizifute wala usizirekebishe. Andika mpya chini yake, na tarehe ya siku hiyo.